Mafuta ya Moto kwenye Ubavu Wenye Ganzi

Mpendwa Bi Dalila, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, kwa maana nimemuunguza mume wangu na yeye hajui. Mongi alipasuliwa pafu wiki tatu zilizopita, na daktari akamgandishia kwa baridi kali mishipa ya fahamu katikati ya mbavu ili maumivu yasimtese, na kweli hayakumtesa, siku ya pili alikohoa na kutembea, ila kifua cha kushoto kikawa ganzi, nami nikadhani baridi imebaki ndani, nikapasha mafuta yetu ya zeituni, nikachovya kitambaa, kwani hapa mjini Sfax nani hakukandwa hivyo utotoni, na sote tunajua anayekandwa ndiye asemaye basi. Nikamuuliza, "Ya moto?" Akacheka, "Zohra, mbona unanipaka maji ya kisima? Ongeza bwana!" Nikaongeza, na viganja vyangu vya kuoka mkate wa tanuri havijui moto tena, nikangoja aseme basi, hakusema, asubuhi nikakuta malengelenge. Nikamwambia ni plasta ya hospitali iliyomchubua. Sasa amewakasirikia madaktari, anasema Jumatatu kliniki haendi ng'o, na kila siku ananishukuru, "Mkono wako mwepesi kuliko wa nesi yeyote," nami nakimbilia jikoni kulia. Nikisema kweli, ataniamini tena?

Zohra

Zohra mwanangu, pole sana, kisha niache nikugombeze. Wewe viganja sugu, yeye ubavu ganzi, kazi ya kusema basi mlimwachia nani? Hapo ulikosea kwa mapenzi, nimekusamehe. Plasta sikusamehei. Umemsingizia aliyemwondolea mumeo maumivu, na uongo huo ndio unaomzuia kutibiwa kidonda kilicho karibu na mshono.

Mwambie leo, kabla hajakushukuru tena: "Ni mimi, si plasta." Atakasirika, na ana haki. Kesho mwende hospitali, msingoje Jumatatu. Malengelenge usiyapasue wala usiyapake kitu, na upande ule usiguswe na moto wala barafu mpaka daktari aseme. Muulizeni pia kuhusu hiyo ganzi. Kwa kawaida mishipa iliyogandishwa huota tena polepole, kwa miezi. Ubavu haujafa mama, umelala.

Kwa sasa mpapase upande wa kulia, huko anakusikia. Ipo siku, labda zeituni zikianza kuvunwa, utamgusa kushoto naye atashtuka, "Zohra, mkono gani huu, mkavu hivi!" Usimjibu. Uache hapo hapo.