Chenga za Jikoni kwa Bibi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimerudi kutoka Matombo, huko milimani, mgongo wote unauma kwa ile barabara. Lakini kazi imekwisha: kamera iko jikoni kwa Bibi Mwaisha, na kikompyuta chake kisichozidi kiganja. Sola ipo, modemu inashika. Bibi ameuliza kitakuwa kinakula nini.

Tangu ateleze mtoni mwezi wa Ramadhani, Mjomba Mikidadi anataka kumshusha mama yake aje akae naye mjini, Kihonda. Bibi hataki hata kusikia. Nikajitia kati: wiki hii kila asubuhi nitamtumia Mjomba picha, aone mwenyewe kwamba mama yake anajiweza. Jumapili ataamua. Na kwetu mjomba akishasema, hakuna rufaa.

Jumanne, 17 Juni

Chenga tupu! Jiko lenyewe giza, dirisha la kuchungulia tu. Kamera ikijilazimisha kuona, inamwaga vidoti vyekundu na kijani kila mahali. Mjomba kaniuliza yule ni mtu au gunia. Halafu akasema anayeishi gizani namna ile ndiye hasa wa kushushwa.

Nimekereka. Chenga ni za kamera, Bibi ana kosa gani?

Alhamisi, 19 Juni

Nimempigia Bibi. Shikamoo, marahaba, habari za kuku mmoja mmoja — kisha nikamwomba asogeze kamera na kikompyuta chake mbali na moto, maana joto nalo huongeza chenga. Amevitundika jirani na mahindi ya mbegu. Sasa naona mahindi zaidi, haidhuru.

Dawa yenyewe nimeipata mchana. Kamera inapiga picha mfululizo nusu saa nzima, kompyuta inazichanganya kuwa moja. Chenga hazikai mahali pamoja, kwa hiyo zinafutana. Kinachobaki ni picha safi — naona mpaka ufa wa chungu! Nimecheza peke yangu dukani kwangu, katikati ya redio za kutengeneza, hadi Lucy wa saluni ya jirani akaja kuuliza kama nimeposwa. Nikamrushia Mjomba papo hapo bila kuitazama mara mbili.

Ijumaa, 20 Juni

Mjomba kapiga asubuhi, sauti imebadilika.

"Faraja, mama yuko wapi?"

Nikaifungua picha. Moto unawaka. Chungu kipo, kigoda kipo. Bibi hayupo! Nikampigia, hapokei. Nikapiga tena — akapokea anahema, mkali, nimemtoa kwenye maharage yake. Jana je? Jana alikuwa jikoni mchana kutwa, kwani angekuwa wapi?

Ndipo nikaelewa ujinga wangu. Kisichotulia kinafutwa. Bibi anachochea, anainama, anatoka, anaingia. Kompyuta imemchukulia kama chenga. Nimecheka mpaka machozi. Nikamweleza kwamba ili aonekane itabidi akae.

"Nikikaa mimi, nani atapika?"

Mjomba nilipomweleza hakucheka. Amesema mchezo wa picha basi, Jumapili anapanda na gari kumchukua.

Jumapili, 22 Juni

Mjomba ameondoka baada ya swala ya alfajiri. Niliomba twende wote, akakataa, eti nitamshikia Bibi pembe, nimtetee. Kweli ningemshikia. Nimefungua duka nipate cha kufanya. Sijapata.

Saa nne hivi picha imeingia. Bado ile ya nusu saa, sikuwa na moyo wa kuibadilisha. Na Bibi yumo! Safi kabisa, naona mikunjo ya kanga, mkono uko gotini.

Nikafurahi — kisha furaha ikakatika ghafla. Bibi akionekana, maana yake hajajisogeza nusu saa. Bibi yangu mimi? Nikasimama, redio ya mteja ikaanguka.

Ndipo nikatazama upande wa pili wa moto. Mjomba. Safi vilevile. Viatu amevua, sahani ya magimbi mapajani. Mjomba huyu ambaye kwetu chai hunywa amesimama, funguo za gari mkononi!

Nampigia. Inaita, haipokelewi. Nimemwambia Lucy, ananishangaa ninavyojifuta macho huku natabasamu.

Picha nyingine inaingia. Inafunguka polepole, kutoka juu: mahindi, dirisha, vichwa viwili. Bado wamekaa.