Kila Mstari Una Jina Langu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba goti liwe limepoa, na ukili wa kusukia mikeka yako usiadimike huko Kilwa. Mimi ni mzima, ila tangu jana nimepigwa na butwaa.

Unaijua kazi yetu hapa Dodoma: tunaandika programu moja kubwa, watu wengi kwa pamoja. Kila mtu hupanga mistari apendavyo. Huyu huacha nafasi, yule hubana. Ni mkeka mmoja uliosukwa kwa mikono tofauti. Nawe wanijua kwa ubishi. Mwaka mzima nimegombana vikaoni, mwisho nikaunda kipimo cha kuonyesha ni mistari mingapi inafuata mpangilio mmoja. Haikufika hata nusu!

"Hamwoni aibu?" nikawauliza.

Maimuna, binti wa Kondoa ninayekaa naye meza moja, akacheka. "Dada Zuhura, nguo watu wameshavaa, wewe bado unapima mshono?"

Sikumsikiliza. Juzi nikaiamuru kompyuta inyooshe programu nzima kwa mkupuo. Kipimo kikajaa pomoni. Nikanunua zabibu za Makutupora, nikagawa ofisi nzima kwa majigambo.

Jana mkuu wetu akafungua kumbukumbu inayoonyesha nani kaandika mstari upi. Mama, kila mstari ulikuwa na jina langu! Kuunyoosha tu, kompyuta ikanihesabu mimi ndiye mwandishi.

"Kumbe yote umeandika wewe," mkuu akasema. "Sasa mkataba wa Maimuna tunauongeza wa nini?"

Maimuna akanigeukia. "Hata ile sehemu ya mafao ya wastaafu, Dada? Niliyoiandika nikiwa mjamzito?"

Mimi huyu! Mimi niliyepayuka miaka yote juu ya wanaokula jasho la wenzao!

Nikamweleza mkuu. Akasema, "Kumbukumbu haisemi hivyo." Basi mbele ya macho yake nikaifuta kazi yangu ya juzi. Fujo ikarudi, na majina yakarudi nayo; la Maimuna likatapakaa kila mahali. Kipimo kikaporomoka.

"Umejiharibia mwenyewe," akafoka.

"Saini mkataba wake kwanza, ndipo uniandikie onyo."

Amesaini. Onyo nimelipata leo asubuhi.

Msalimie mjomba wa mashine ya nazi, na shangazi anayekuchania ukili. Mwambie shangazi nilimcheka bure siku ile aliposema mkeka wa kila jirani anautambua kwa pindo lake.

Mwanao mbishi,
Zuhura