Chumba cha Bi Thuraya

Filo, nimekikosa chumba. Nimekikosa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kile cha Mwananyamala, kwa Bi Thuraya. Dakika saba kwa miguu mpaka wodini kwangu. Dakika saba, shoga! Mie ninayetoka Chamazi saa kumi alfajiri na kupanda magari matatu.

Si unamjua yule dalali wangu, Albano? Njiani kaniambia, "Sista, wenye nyumba hawawataki mabinti wasioolewa. Sema una mume, yuko safarini."

Basi nikatoa shikamoo yangu, nikakaa, hata sijaulizwa nikaropoka: "Mume wangu yuko Mtwara kikazi."

Bibi wa watu kaviangalia viatu vyangu vya kazi, vumbi tupu. Kasema, "Pole mwanangu. Chumba hiki marehemu mume wangu alikijenga enzi za Ujamaa. Tangu hapo nawapa mabinti wanaojitegemea, waende kazini kwa miguu. Wanaume hawalali uani kwangu."

Hawalali! Namgeukia Albano, yeye anaangalia dari.

Ningesema nimedanganya? Nani anampangisha mwongo? Nikaaga. Nilivyochoka, Filo, hata kulia nilishindwa.

Kanisindikiza mpaka mlangoni, kanishika mkono kwa huruma kabisa: "Ukiachika, njoo."

UKIACHIKA, NJOO.

Niko kituoni, nasubiri gari la kwanza kati ya yale matatu. Mume sina, Filo, na bado kanikosesha chumba.