Masinia ya Mzee Vigae

Mwaka umekatika tangu ututoke, Baba, na hadi Jumamosi iliyopita hakuna aliyethubutu kukikalia kiti chako pale ukumbi wa maktaba.

Kazi yako ilikuwa kufundisha akiolojia chuoni, lakini chuo hakikukutosha. Kila mwisho wa mwezi ulikwenda maktaba kuwasimulia watu bure habari za miji ya kale. Walikuja mafundi viatu, wauguzi waliotoka zamu, wastaafu, hata waliokimbia mvua. Hao wa mvua ndio uliowapenda zaidi. "Aliyekuja kwa hiari yake nimeshampata," ulisema. "Ninayemtaka ni huyu aliyeingia kujikinga." Wakakubandika jina la Mzee Vigae, nawe ukalipokea kama cheo.

Hukuandika mihadhara yako. Mhadhara wa kusomwa, ulisema, ni chai iliyopashwa moto. Mambo yako yote yalikuwa kichwani na kwenye ile meza ndefu chumbani kwako, palipokuwa na vigae, vipande vya vyungu vya mji uliouchimba ujana wako wote. Kila tabaka la udongo lilikuwa na sinia lake, la juu upande wa dirisha, la chini kabisa upande wa mlango. Masinia yenyewe uliyabeba jikoni, moja baada ya jingine, mpaka Mama akakuuliza, "Bwana wee, wageni wakija niwape chai viganjani?"

"Wageni wako watakuja kesho, mke wangu. Hawa wangu wametangulia."

Mama aliupenda ugomvi huo, usimwamini akikataa. Ila hakugusa kitu mle ndani, maana ulikuwa umemwonya kwamba kigae kikitolewa mahali pake kinakuwa bubu.

Katika mhadhara wako wa mwisho uliwasimulia habari za watu wa mji huo, walioondoka na kuacha vyungu mekoni, bila mji kuungua, bila vita. Mlinzi wa ukumbi, ambaye hukaa nyuma karibu na swichi na hatanguliwi na mtu kwa maswali, akauliza, "Sasa waliondoka kwa nini?" Ukacheka. "Nimeshajua. Njooni mwezi ujao niwaonyeshe." Hata nyumbani ulikataa kutuambia. Mama alikubembeleza mezani, ukamwambia naye asubiri kama wenzake. Mwezi huo hukuufikia.

Siku ya msiba watu walijaa mpaka barabarani. Vikombe vilikuwapo, masinia hayakuwapo. Shangazi, dada yako, unamjua, hangoji kutumwa. Aliingia chumbani kwako akakuta masinia yamejaa vipande vya vyungu vyenye udongo. Akavimwaga vyote kwenye ndoo moja, akaviosha vikatakata, akayasugua masinia, chai ikatoka. Mama alikuwa ameketi sebuleni. Aliletewa kikombe, akaliona lile ua lililochubuka ukingoni mwa sinia, akajua. Aliinywa chai yote kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

Shangazi hatumlaumu. Alipoelezwa alilia kuliko alivyolia makaburini. "Niliona aibu, kaka yangu azikwe na chumba chake kichafu," alisema. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini ahadi ni deni, na Mama aliona deni lako limemwangukia yeye. Mwaka mzima amekuwa akivimwaga vigae mezani, vyekundu huku, vyeusi kule, ili siku ya kumbukumbu yako akawape watu jibu ulilowaahidi. Tulimsaidia, na tulikuwa hatujui tunasaidia nini. Wanafunzi wako walikuja wakavigeuzageuza, kisha mmoja akasema kwa upole, "Mama, hakuna tena wa kutuambia kipi kilikuwa chini ya kipi." Mama akawashukuru. Walipotoka tu, akaanza upya.

Jumamosi iliyopita aliibeba ndoo mwenyewe mpaka maktaba, akakataa kupokewa. Mlinzi alikuwa amepanga viti kama zamani, na ukumbi ulijaa. Mama akasimama mbele. Tunajua alikuwa na maneno aliyoyatayarisha, maana tulimsikia akiyasema bafuni. Hayakutoka.

"Nimepanga, nimepangua," alisema. "Sijui waliondoka kwa nini. Nisameheni."

Mlinzi akainuka kule nyuma, kofia mkononi. "Basi Mama, sisi tutamuuliza nani?"

"Hata mimi nilikuwa nangoja aniambie," Mama akasema, akakaa kwenye kiti chako.

Hakuna aliyeondoka, Baba. Tulikaa naye tu, wote, mpaka muda wa kufunga ukapita na mlinzi hakugusa swichi.

Unakumbukwa na mkeo. Na sisi wanao, wakwe zako na wajukuu wako wanaokuita Babu Vigae. Na dada yako, ambaye mpaka leo akija kwetu chai anaipokea kwa mkono. Na watu wa ukumbini, wa hiari na wa mvua.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Masinia tumeyarudisha mezani kwako, matupu, kwa mpangilio wako, la juu upande wa dirisha. Vigae bado vimo ndooni. Hatujui tuviweke wapi.