Bahasha ya Mama Furaha

Toronto, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Dada Mwanahawa aliniambia sasa unafika mpaka kisimani bila fimbo, nikafurahi sana. Mimi mzima, nakula, nalala. Baridi imeanza lakini koti la mwaka jana bado linanitosha.

Uliuliza kama kazi bado ninayo. Ninayo, ila mwezi huu nusura iniponyoke, na ni vizuri uyasikie kwangu mwenyewe.

Unajua niko kwenye ofisi ya dalali wa bima. Mteja anakuja, tunamtafutia kampuni inayomfaa, na kampuni ndiyo inayotulipa kamisheni. Kumtoza mteja mwenyewe ada ni jambo jingine. Hapa kila jimbo lina sheria zake. Kuna mahali dalali anaruhusiwa, mradi amwambie mteja mapema, aandike kiasi, na mteja atie sahihi. Kuna mahali, kwa bima fulani, haruhusiwi kabisa. Ofisini kwetu hatutozi kitu.

Sasa kuna mama mmoja wa Bukavu, Mama Furaha, aliyehamia hapa kutoka Calgary, jimbo jingine. Karatasi zake zilikuwa vurugu, nikazihangaikia wiki nzima. Siku ya kuchukua bima yake ya gari alinipa bahasha kwa mikono miwili. Nilikataa mara ya kwanza, nikakataa ya pili. Ya tatu nikapokea, kama ulivyotulea, kwamba mkono wa mtu anayeshukuru hausukumwi. Jioni niliandika kwenye diari: "Jumanne. Mama Furaha, bahasha ya asante, dola sitini." Ofisini sikusema. Sikuona kuna la kusema.

Wiki mbili baadaye wakaja akina mama watatu wa kanisani kwake. Kabla hata hawajakaa, kila mmoja ameweka bahasha mezani. Mmoja akamuuliza bosi wangu, kwa upole kabisa, kama asiye na gari naye analipa sitini.

Bosi wangu ni Bi Nasrini, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Aliwarudishia bahasha zao, akawahudumia mpaka mwisho, kisha akaniita ndani na kufunga mlango. Nilijua kilichokuwa hatarini: leseni yangu, na kazi yenyewe. Sikungoja aulize. Nilimfungulia diari kwenye ukurasa ule.

Aliusoma mara mbili. "Wewe unaiita asante," akasema. "Mkaguzi ataiita ada ya siri. Ungekuwa hukuandika, leo ningekutoa hapa."

Akanipa mpaka Ijumaa: nirudishe hela, nilete karatasi yenye sahihi ya mama yule kwamba amezipokea, na maelezo yangu yaingie kwenye faili lake.

Alhamisi nikapanda basi mpaka kwake, Kingsview Village, ghorofa ya kumi na moja. Mama Furaha alipoiona bahasha akanuna.

"Unanirudishia? Basi haukufurahi."

Nikamwambia nilifurahi, ila hapa hairuhusiwi.

"Kule Calgary dalali alinilipisha, nikatia sinyatire. Wewe ulinyamaza tu. Nikasema, huyu mutoto iko na haya ya kuomba."

Kumbe, Mama, mimi nilipokea asante, yeye alilipa ada, na akawatangazia wenzake bei! Nilimweleza habari ya majimbo tangu mwanzo, hakutaka kusikia. Binti yake, anayeelewa kila neno lakini hujibu kwa Kiingereza, aliichukua karatasi, akaisoma, akamwambia mama yake kwamba asiposaini nitafukuzwa. Hapo akaomba kalamu.

"Sasa nitakushukuru na nini?" akauliza huku anasaini.

Nikamjibu awaambie wenzake waje mikono mitupu. Akasema hilo ni jambo dogo, lakini sitoki kwake na njaa. Nilikula sombe, kisamvu cha kwao, sahani mbili, na Jumapili yake akasimama kanisani akawatangazia wote kwamba bahasha zimekwisha.

Ijumaa nilimkabidhi Bi Nasrini karatasi, na sombe nikamtajia pia. Akacheka, akasema chakula kilicholiwa mezani kwa mwenyewe si ada, ila siku nyingine nimkumbuke. Tangu hapo wamekuja wateja saba kutoka kanisa lile, na wote nimepewa mimi niwahudumie.

Nisalimie Dada Mwanahawa na shemeji fundi baiskeli. Msalimie mjomba wa kinu, na bibi upande wa Baba, mwambie miwani yake nimeshaipata.

Na wewe, Mama, ukisikia watu wanasema mwanao amerudisha mkono wa mtu mzima, usibishane nao. Ni kweli, na nimeandika tarehe.

Mwanao,
Athumani