Aliyepigwa Ndiye Husema

Jumamosi, 1 Septemba 2018

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Onyesho letu lilikuwa leo, uwanja wa shule kule Sandton. Watu tele, mahema yenye bendera, watoto na soseji zao. Mimi na Cédric, mwenzangu wa klabu, tulipigana kwa panga za Kizungu za zamani, zile ndefu za mikono miwili – chuma kweli, ila hazina makali. Kabla ya kuanza, mwalimu wetu Rudi aliwaeleza watu sheria. Hapa hakuna refa. Aliyepigwa ndiye husema: anainua mkono wa kushoto, mwenyewe.

Cédric alinipiga begani, nikainua. Nikampiga ubavuni – hakuinua. Nikampiga kichwani, kofia yake ya wavu ikalia kama sufuria – hakuinua! Akaendelea kunizunguka huku watu wanampigia makofi. Mazoezini huinua hata akiguswa kidogo tu. Lakini leo mchumba wake Sagesse alikaa mstari wa mbele, na baba mkwe mtarajiwa pembeni. Basi mkono ukawa mzito.

Rudi kamtangaza yeye. Nami nikamwinamia, kama tulivyofundishwa. Shenzi!

Jumapili, 2 Septemba

Bega limevimba. Célestine, ninayepanga naye chumba hapa Berea, kanikanda kwa maji ya moto huku ananisema. Ati mwanamke mzima, kutoka Tanga kote huko mpaka huku kusini, nawatafuta nini Wazungu wa miaka mia sita iliyopita?

Wiki nzima nauza simu Marshalltown, na wateja wananiona mwongo kabla sijafungua mdomo. Alhamisi jioni tu ndipo upanga wangu ukimgusa mtu, anasema mwenyewe: ndiyo, Tumu, umenipata. Hilo ndilo lililonipendeza. Hilo ndilo Cédric alilolichezea.

Jumanne, 4 Septemba

Cédric kaja dukani na mfuko wa beignet, yale maandazi ya kwao! Ndiye aliyenipeleka kwenye klabu siku ya kwanza, ndiye aliyenifundisha kushika mpini. Ndiyo maana nimechukia zaidi. Nikamwuliza mbele ya wateja kwa nini hakuinua.

"Ni spectacle tu, yaya. Bantu banakuya kuangalia, hapana kuhesabia."

Ati yaya – dada, kwa Kiswahili cha kwao! Nikamwambia bega langu halikuambiwa kwamba ni spectacle, onyesho la kufurahisha watu tu. Akacheka, akaenda zake. Sikugusa beignet zake.

(Nilikula moja. Mbili.)

Alhamisi, 6 Septemba

Mazoezi, ukumbi wa kanisa kama kawaida – mama akijua binti yake anashika upanga ndani ya kanisa, atapanda basi aje anichukue.

Rudi katoa habari. Oktoba anafungua darasa la wanaoanza, anataka mtu wa kumsaidia kufundisha. Mimi au Cédric. Ataamua kwenye onyesho la tarehe 15: atakayeshinda ndiye.

Nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba Cédric alipigwa mara mbili akanyamaza. Rudi alikoroga chai yake kwanza. Kisha ati hawezi kuusemea mwili wa mtu mwingine. Hakuna anayeweza. Cédric akatazama viatu vyake. Eish! Sheria nzuri kweli kwa waongo.

Kazi yenyewe haina malipo. Naitaka vilevile! Nataka nisimame mbele ya wageni, mimi, niwaambie lile neno la kwanza: aliyepigwa ndiye husema.

Ijumaa, 14 Septemba

Célestine kanisuka twende kilioni, zilale chini ya kofia. Sasa naye kapandwa na hasira kuliko mimi. Ati kesho nisiinue kabisa. Dawa ya moto ni moto.

Nikamwambia siwezi. Akanivuta nywele mpaka machozi.

Jumamosi, 15 Septemba

Naandika nyuma ya hema. Jasho linadondokea karatasi. Rudi katupa dakika za kunywa maji, halafu atangaze.

Wa kwanza kumpiga mwenzake mara tano ndiye mshindi. Tulifika nne kwa nne. Na Cédric leo – anainua! Kila pigo, mkono juu, hata lile la kidole ambalo mimi mwenyewe sikuwa na hakika nalo. Sagesse yupo, baba mkwe yupo, naye anainua tu. Damu ilinichemka. Angeinua siku ile! Leo ananionyesha nini?

Halafu ncha ya upanga wake ikapita chini ya kwapa langu. Ikazama kwenye koti, ikanibana ubavu. Hakuna aliyeona, nilikuwa nimewapa watu mgongo.

Mkono wangu wa kushoto ulibaki kwenye mpini.

Sikupanga! Wallahi sikupanga. Nikageuka palepale nikampiga kichwani, akainua, uwanja mzima ukalipuka. Rudi akauliza, kama anavyouliza kila mara, kama kuna mwenye neno. Cédric akavua kofia. Akanitazama. Hawezi kuusemea mwili wangu.

Sasa hivi kaniletea chupa ya maji. Kachuchumaa hapa, sauti ya chini.

"Yaya, ubavu unauma?"

Nimemwambia hapana.

Kaondoka. Nina hasira naye bado. Kwa nini aniulize vizuri hivyo? Unauma, tena nikivuta pumzi. Rudi anaita jina langu kwenye kipaza sauti, mara ya pili hii. Mkono wa kulia umeshika kalamu. Wa kushoto nimeukalia.