Ncha za Vidole Viwili

4 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe, mumeo ambaye ni mdogo wangu, na watoto. Mimi mzima, isipokuwa masikio, ambayo yameamua kustaafu kabisa. Juzi ulipopiga simu binti yangu aliniwekea sikioni, nikasikia kama bomba linavuja. Basi tuandikiane. Mitambo ya kufuma imekula masikio yangu, lakini mkono wa kuandika imeniachia.

Hapa kwa binti yangu ni pazuri, ila kumenyamaza mno. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Kitandani nimetandika lile shuka letu la kiwandani, lenye mstari uliopinda, tulilogawiwa kwa sababu halikufaa kuuzwa. Asubuhi bado naamka kuwahi king'ora, kisha nakumbuka hakuna king'ora, nabaki nimekaa tu.

Jana niliwaonyesha wajukuu lugha yetu ya mikono. Nikawaeleza kwamba kwenye ukumbi wa mitambo hata ukipiga yowe husikiki, ndiyo maana sisi wanawake tulipiga soga kwa mikono kutwa nzima. Kuvuta tai usiyoivaa: meneja anakuja. Ncha za vidole viwili zikigusana na kutulia: tuko pamoja, tutakutana. Zikigusana kisha zikaachana ghafla: uzi umekatika, simamisha mtambo.

Nikawasimulia habari za babu yao, yaani mdogo wangu, mume wako, alivyonijia akitafuna kucha, nimfundishe kumwambia msichana wa mtambo wa kona kwamba anamsubiri getini. Nikamfundisha. Akafika mbele yako, mikono ikamtetemeka, vidole vikaachana. Nawe, mchapakazi, ukasimamisha mtambo na kutafuta uzi uliokatika mpaka msimamizi akakufokea mbele ya watu. Uzi ulikuwa mzima. Nikiikumbuka sura ya mdogo wangu siku ile nacheka peke yangu, na binti yangu anachungulia mlangoni kuona kama nimepatwa na jambo.

Bado mnazungumza vile? Niambie.

Wifi yako

21 Machi

Wifi mpenzi,

Barua yako imefika na imesomwa kwa sauti. Watoto wanamsalimu shangazi yao na wanataka kujua kama kweli baba yao aliwahi kutetemeka. Mimi mzima, kiuno tu ndicho kinanikumbusha umri. Mdogo wako naye mzima, anakula vizuri, ila haongei. Nitakueleza kwa nini.

Lugha ya mikono ipo, na meneja huyu mpya haijui hata kidogo. Anadhani tunajikuna. Kuna binti tumempa jina la Redio, kwa kuwa hanyamazi hata mahali asiposikika. Huyo Redio na mdomo wake aliwauliza wavulana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe wanalipwa nini. Wakamjibu bila kuficha, na sisi tukashika vichwa. Wao wanaandikwa fundi mtambo, sisi msaidizi wa mtambo. Mtambo ni uleule, kitambaa ni kilekile, ila mshahara wa msaidizi haufikii wa fundi hata ukimbie. Wewe unajua. Umestaafu na jina hilohilo la msaidizi, na nusu ya hao mafundi wamepita mikononi mwako, mume wangu akiwemo.

Safari hii hatukuishia kunung'unika kwenye foleni ya choo. Tumepeleka madai: jina moja, malipo mamoja, na anayekwenda kujifungua asirudi akaambiwa aanze upya kama kibarua. Wamenichagua mimi niwasemee. Wanasema mimi ni mtulivu. Hawajaniona nyumbani.

Sasa mdogo wako. Tangu wamfanye msimamizi wa zamu, anakaa kule juu katika ofisi ya vioo inayotazama ukumbi. Aliniambia, "Wewe ukisimama kule chini na mimi niko huku juu, wataniuliza nyumba yangu inaendeshwa na nani." Nikamwambia nyumba inaendeshwa na mishahara miwili, na mmoja umepunjwa tangu siku ya kwanza. Toka hapo tunaongea habari za chumvi na sabuni tu.

Wifi, naogopa. Nikimwaga unga, ada ya watoto sijui itatoka wapi. Na mume wangu nampenda, sitaki kumpoteza ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Niendelee au niache?

Wifi yako

6 Aprili

Wifi yangu,

Salamu zako zimenifikia hadi moyoni. Kiuno kikandwe na maji ya moto, na watoto waambie kweli baba yao alitetemeka, mimi shahidi.

Sikuwahi kukusimulia hili vizuri. Kabla hujaajiriwa, niliomba niitwe fundi. Nilikwenda peke yangu, nimevaa lile gauni langu la kijani la kuendea harusini, nikidhani gauni litanisaidia. Meneja wa wakati ule alinikaribisha kiti, akaniambia kwa upole kwamba wenzangu wote wameulizwa na wameridhika, ni mimi tu mwenye tamaa. Niliona aibu, wifi. Nikashuka ngazi, nikawasha mtambo wangu, na sikumgusia mtu. Baadaye sana ndipo nikajua hakuna aliyeulizwa. Lile gauni sikulivaa tena, ingawa nililipenda.

Kwa hiyo endelea, ila sikiliza: watawaita mmoja mmoja. Kila atakayeingia ataambiwa mwenzake ameshakubali. Mjiandae kwa hilo kabla ya jingine lolote.

Kuhusu mdogo wangu, nimemlea mgongoni, namjua. Akikosa la kusema hununa. Usimbembeleze wala usimgombeze. Mpe chakula chake.

Wifi yako

19 Mei

Wifi,

Hujambo? Nimeandika, sijapata jibu. Nimeandika tena, kimya. Binti yangu amepiga simu, anasema haipatikani. Nikiuona mfuko wa mtu wa posta napata tumaini, kisha anapita. Kama nimekutia katika matatizo, niambie hata kwa mstari mmoja. Kama mdogo wangu amekukosea, niambie pia, bado nina miguu ya kupanda basi.

Wifi yako

2 Juni

Wifi mpenzi,

Nisamehe. Sote tu wazima. Simu tuliiuza kwa sababu kiwanda kilitufungia geti siku nyingi bila malipo, na kila nilipokamata kalamu niliona sina habari ila ya njaa, nikaiweka chini. Leo ninayo habari.

Ilikuwa kama ulivyosema. Walitufungulia geti, wakatuambia tuwashe mitambo, kisha wakaanza kutuita kule juu mmoja mmoja. Wa kwanza walimwita Redio, wakidhani msichana ni rahisi kumtisha. Mimi nilibaki mtamboni, namwona kupitia kioo. Meneja amekaa, mdogo wako amesimama nyuma yake kama kabati. Meneja akamsogezea Redio karatasi ya kuyaacha madai, na kalamu, akamwambia mimi, msemaji wao, nimeshasaini asubuhi ile, na kwamba asisumbuke kwa mtu aliyemuuza. Haya Redio ndiye aliyenisimulia. Anasema mkono ulikuwa umeshaifikia kalamu.

Halafu akageuka, akatazama chini ukumbini. Akanitafuta.

Wifi, nilinyanyua mikono juu ya mtambo na kugusanisha vidole viwili, nikavituliza. Tuko pamoja. Aliyekuwa nyuma yangu akaona, akafanya vilevile, na wa pembeni, na wa kona, mpaka ukumbi mzima wanawake wamesimama mikono juu, mitambo inanguruma. Redio akairudisha kalamu mezani.

Meneja akasimama kwenye kioo. Akamgeukia mdogo wako, akamuuliza, "Hao wanasema nini kwa mikono?" Kule juu, ukimtoa Redio, ni yeye peke yake aliyejua, maana ulimfundisha wewe. Redio anasema alitutazama sisi, akanitazama mimi. Kisha akajibu, "Wanasema uzi umekatika, bosi."

Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi na bado sikumjua.

Meneja akashuka mbio kuokoa kitambaa. Akapita mtambo kwa mtambo, akainama, akavua miwani, akaivaa. Kila uzi mzima. Alipopanda tena ngazi uso ulikuwa mwekundu, na kabla ya chakula cha mchana mdogo wako alikuwa amevuliwa usimamizi. Ila pale mezani hakuna karatasi iliyopata saini, siku ile wala zilizofuata, na sasa afisa wa kazi ameingilia kati. Bado hatujui atasema nini.

Jioni ile tulitembea pamoja kurudi nyumbani. Tulipofika mlangoni akasema, "Safari hii sikutetemeka." Nikalia pale pale, funguo mkononi.

Wifi yako

28 Agosti

Wifi mpenzi,

Barua yako nimeipata, na agizo la kumpikia mdogo wako anachopenda limetekelezwa mpaka anavimba. Watoto wamerudi shule. Kiuno kimesikia maji ya moto.

Imekwisha, wifi. Sote ni mafundi mtambo sasa, kwa jina na kwa malipo, na dai la wanaojifungua limekubaliwa. Siku ya mshahara Redio alisoma karatasi yake na kwa mara ya kwanza akakosa la kusema. Wanawake walinituma nikuambie kwamba nawe ni fundi, hata kama kiwanda hakitakuandikia. Wamechanga fedha za kitambaa cha kijani. Nimeshona gauni mwenyewe, naliweka pamoja na barua hii. Vipimo ni vya kukumbuka, kama litakubana ni kosa la chakula cha binti yako. Livae hata kama huendi kokote.

Mdogo wako wamempa mtambo ulio mkabala na wangu. Tunalipwa sawa, na anasema ndiyo mara ya kwanza anaona aibu kuchelewa kazini, maana mke anamwona. Mikono yake imesahau kazi, naingia kumsaidia, naye ananuna kidogo halafu anacheka.

Jana, zamu ikikaribia kuisha, nilinyanyua macho nikamkuta ananitazama. Akainua mikono yenye mvi za pamba, akagusanisha vidole viwili, kisha, kwa makusudi kabisa, akaviachanisha.

Nilijua uzi ni mzima. Nikasimamisha mtambo hata hivyo, na tukaenda wote getini.

Wifi yako, fundi